Utepe Ukishakatwa, Nani Anauliza?

Wasikilizaji wa Turiani na Madizini, wa Mtibwa, Kanga, Diongoya na Mhonda, wa Hembeti na Mkindo, nawasalimu. Na ninyi wa milimani, Maskati na Kibati, ambako najua saa hizi mmeshavaa masweta, salamu zenu nimezitenga peke yake. Dereva wa bodaboda unayenisikiliza njiani, punguza mwendo kidogo, maana mazungumzo ya leo hayana haraka.

Leo nataka tuzungumze habari ya sherehe. Siyo harusi wala unyago. Ni sherehe ya kuzindua jengo la chuo. Shughuli hizi tunazijua sote. Maturubai yanafungwa tangu alfajiri, viti vya mbele vinavikwa vitambaa, kwaya inapanga mistari, na mgeni rasmi anachelewa. Akifika, mshereheshaji anawataja wakubwa mmoja mmoja mpaka sauti inamkauka. Kisha kila anayepewa kipaza sauti anasema itifaki imezingatiwa, halafu anaanza kuwataja upya! Utepe unakatwa, kitambaa kinavutwa kwenye jiwe la uzinduzi, watu wanapiga makofi, wanakula wali, wanaondoka. Kesho yake pale mlangoni amebaki mlinzi.

Mimi sina ugomvi na wali, tena wa Mkindo. Ninalo swali moja tu, na nitalirudia mara kadhaa jioni hii ili hata aliyewasha redio sasa hivi alipate. Utepe ukishakatwa, nani anauliza? Chuo kinachofundisha utawala na sera za umma kikipata jengo jipya, wananchi waliolilipia wanapata nafasi gani ya kusimama ndani yake na kuuliza jambo?

Najua kuna mtu amekaa kibarazani anasema, sisi wa Turiani na majengo ya vyuo tunahusianaje? Ngoja nikueleze. Wilaya yetu ya Mvomero ina tarafa nne: Turiani, Mvomero, Mlali na Mgeta. Na Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho kimesomesha maofisa wengi wa halmashauri nchi hii, kiko ndani ya wilaya hiyohiyo, upande wa kule chini ya milima ya Uluguru. Tunakiona ni cha mbali kwa sababu ya njia. Ukitoka hapa unashuka Magole, unapita Dakawa, unaingia Morogoro mjini, ndipo ushike barabara ya Iringa hadi Changarawe, kilipo chuo. Ni safari ya kubadili gari. Lakini kwa ramani ya wilaya, Mzumbe ni jirani yetu. Mkurugenzi wa halmashauri wa kule na wa huku ni mmoja.

Jirani huyu ana historia ambayo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Twende nayo taratibu.

Mwaka 1953 serikali ya Waingereza ilianzisha pale Mzumbe shule ya serikali za mitaa. Wanafunzi wake walikuwa machifu, makarani na watumishi wa zile zilizoitwa mamlaka za wenyeji. Walifundishwa kutunza vitabu vya hesabu, kukusanya kodi, kuendesha baraza, kusimamia amri. Kwa lugha ya leo tungesema walifundishwa kutekeleza sera. Kuitunga ilikuwa kazi ya wengine.

Sasa inua macho kidogo kutoka pale shuleni utazame juu mlimani. Miaka hiyohiyo, Waluguru walikuwa wanalazimishwa kuchimba ngazi. Mkoloni alikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na nia yake ukiisikia haina ubaya: udongo usimomonyoke, vyanzo vya mto Ruvu visalimike. Wataalamu walikaa, wakachora, wakaamua kwamba dawa ni kukata miteremko iwe ngazi. Amri ikashuka kwa machifu, machifu wakaishusha kwa watu. Anayekataa anapigwa faini.

Nini kikatokea? Sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu juu. Ukichimba ngazi unaufukia ule mzuri na kuutoa juu ule usiozaa. Mtu anafanya kazi ya kuvunja mgongo, bila malipo, halafu shamba lake linatoa pungufu ya lilivyokuwa likitoa. Wakulima walilijua hilo. Walilisema. Nani aliwasikiliza? Mwaka 1955 kukatokea ghasia kule Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ule ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata masikio mengi Uluguru.

Lakini subirini, kuna sehemu ya kisa hiki inayosahaulika. Nenda Mgeta leo, utaziona ngazi. Zipo, zimejaa kabichi, karoti na njegere, na mwenyewe anazitunza bila kusukumwa na mtu. Kule kulikuwa na maji ya kumwagilia na soko la mboga, kwa hiyo ngazi zililipa. Mpango mmoja, milima ileile, upande mmoja umeleta msiba, upande mwingine umeleta mboga sokoni. Tofauti hiyo haikuonekana kwenye karatasi za ofisini. Mama mwenye jembe angeweza kuieleza asubuhi moja tu, kama angeulizwa.

Ndiyo maana nang'ang'ania swali langu. Chini ya mlima kulikuwa na jengo jipya la kufundishia watawala, juu ya mlima watawaliwa walikuwa na jibu, na baina yao haukuwepo mlango. Utepe ukishakatwa, nani anauliza?

Tuendelee. Baada ya uhuru shule ile haikufa. Mwaka 1972 iliunganishwa na mafunzo ya utawala yaliyokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa ile ambayo wazee wetu mpaka leo wanaiita IDM, kifupi cha Institute of Development Management. Na mwaka huohuo, tazameni mambo ya dunia, serikali ilileta mfumo wa Madaraka Mikoani na kuzivunja halmashauri za wilaya. Yaani shule iliyozaliwa kwa ajili ya serikali za mitaa ilipandishwa hadhi mwaka uleule serikali za mitaa zilipofutwa! Waliokuwa wakisoma pale wakaenda kuwa wapangaji wa maendeleo mikoani na wilayani, wakiwapangia watu ambao hawakuwa tena na halmashauri ya kuwauliza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Bunge likapitisha sheria za kuzirudisha, na kufikia 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Mzumbe ikaendelea, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu kamili, kinachotoa shahada za uzamili na uzamivu.

Na sasa ni zamu ya majengo. Mmesikia habari ya mradi unaoitwa HEET, wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza mwaka 2021. Mzumbe imo, majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamo, na vyuo vingine vya umma vimo. Fedha ni dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na fedha hizo ni mkopo. Narudia, ni mkopo. Mtoto anayezaliwa usiku huu pale hospitali ya Bwagala ni mmoja wa watakaoulipa. Hajapewa jina bado, lakini ana deni la madarasa. Mimi silalamikii mkopo wa elimu, nauona ni deni la halali kuliko mengi. Ninachosema ni kwamba mwenye kulipa ana haki ya kuingia.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano ambao aliutumia bungeni mwaka 1964 alipokuwa anaeleza mpango wa maendeleo. Kwa maneno yangu mimi, ulikuwa hivi: kijiji kimepigwa na njaa, chakula kilichobaki ni kidogo, watu wanakusanya chote wanampa kijana mmoja ale apate nguvu, aende mbali akalete chakula cha wote. Kijana akila asirudi, Mwalimu alimwita msaliti. Tumeuzoea mfano huu tukiuelekeza kwa msomi mmojammoja, yule daktari aliyekimbilia nje, yule mhandisi aliyesahau kwao. Leo naomba tuuelekeze kwa chuo chenyewe. Chuo kimelishwa. Kimepewa ardhi, walimu, umeme, na sasa majengo. Je, kinarudi kijijini na nini?

Utasema kinarudi na utafiti. Ni kweli, watafiti tunawaona. Kila mwaka, hasa miezi ya kiangazi barabara zinapopitika, vijana wa vyuo mbalimbali wanakuja vijijini na madodoso. Una ekari ngapi? Unalima nini? Umesoma mpaka darasa la ngapi? Unaridhika na huduma za kijiji: sana, kiasi, siridhiki? Tunajibu, tunatia saini, tunawapa na miwa ya kutafuna njiani. Wanaondoka. Matokeo yanaandikwa kwa Kiingereza, yanajaladiwa, yanawekwa maktaba. Nimewauliza wenyeviti wa vijiji kadhaa wa huku kama kuna ripoti hata moja iliyorudi ofisini kwao. Wengine walicheka tu.

Vijana hao siwalaumu sana. Hakuna aliyewaambia kwamba kurudi ni sehemu ya mtihani. Lakini chuo kingeweza kuwaambia.

Haya, tuje kwenye maswali yenyewe. Tuseme Mzumbe inazindua jengo, na badala ya siku moja ya utepe inatenga juma zima la mijadala ya sera, milango wazi, Kiswahili, redio ipo. Mtu wa Turiani angeuliza nini?

Angeanza na muwa. Tunaishi kwa muwa. Hata timu yetu ya mpira, Mtibwa Sugar, imebeba jina la sukari, na ilitwaa ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, vijana wa leo wanadhani nawadanganya. Sasa mkulima wa nje, yule asiye wa shamba kubwa la kampuni, analima kwa miezi zaidi ya kumi na miwili. Muwa unachomwa, unakatwa, unasubiri gari. Ukikaa juani siku kadhaa unapungua uzito na sukari yake inapungua pia. Unafika kiwandani, unapimwa uzito kwenye mzani, halafu unapimwa kiwango cha sukari kwenye maabara. Malipo yanategemea vipimo hivyo. Mzani mkulima anaweza kusimama akauona. Maabara je? Na kama gari limechelewa si kwa kosa lake, hasara ya zile siku za jua ni ya nani? Hilo ndilo swali la sera. Wala halihitaji Kiingereza. Linahitaji mtu wa Bodi ya Sukari, mtu wa kiwanda, mtu wa chama cha ushirika na mhadhiri anayejua sheria, wote wakae mbele ya mkulima wasiondoke mpaka wamejibu.

Kisha kuna lile la mwaka 2024. Mnakumbuka mvua za El Niño zilivyoyafanya mashamba kuwa madimbwi, viwanda vikasimama, sukari ikaadimika, bei ikaruka, chai ikanywewa bila sukari hata hapa tunapokaa na kiwanda. Serikali ikaagiza sukari nje. Halafu kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukaruhusiwa kuagiza na kuhifadhi sukari ya akiba. Bungeni palichimbika. Wenye viwanda walikuwa na lao, waziri alikuwa na lake, wabunge walikuwa na yao. Mnywaji chai wa Dar es Salaam alitaka bei ishuke, na alikuwa na haki. Lakini mkulima wa Mtibwa alikuwa anajiuliza kimyakimya: sukari ya nje ikija nyingi, muwa wangu utanunuliwa? Naye alikuwa na haki. Mimi binafsi naona hifadhi ya akiba ilikuwa uamuzi mzuri, ila mizani ya kiasi gani kiingie na lini haikuelezwa vya kutosha kwa watu wanaolima. Unaweza kunipinga. Ndiyo hasa ninachotaka, tupate mahali pa kupingana tukiwa tumekaa.

Swali jingine ni zito, nitalitaja kwa adabu. Bonde la Mgongola. Wakulima na wafugaji wamegombania maji na malisho kwa miaka mingi, mazao yameliwa, mifugo imekatwa mapanga, na watu wamepoteza maisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji tunayo tangu 1999, mipango ya matumizi bora ya ardhi imeandikwa, mipaka imetajwa. Kwa nini bado? Chuo cha utawala chenye wataalamu wa sheria, uchumi na mipango, kilicho ndani ya wilaya yenye mgogoro huo, kina somo la kufundishia ambalo halihitaji kutafutwa mbali. Mfugaji wa Kambala na mkulima wa Hembeti wakikaa viti vya mbele, vile vyenye vitambaa, siku ya uzinduzi, mimi nitasema jengo limefunguliwa kweli.

Kuna atakayeniambia, bwana wewe, mijadala ya sera ni ya wasomi, mwananchi wa kawaida ataleta malalamiko tu. Nimewajibu watu hawa tayari, nilipowapeleka Uluguru. Malalamiko ya wale waliochimba ngazi ndiyo yaliyokuwa utaalamu. Waliokuwa na vyeti walikosea, waliolalamika walikuwa sahihi.

Wala sisemi jambo ambalo nchi hii haijapata kuliona. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 bila jengo lake, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria ndani ya nyumba ya TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wiki chache baadaye nchi ikapata uhuru. Wanafunzi wale walisoma sheria mjini, katikati ya watu, ndani ya nyumba ya chama kilichokuwa kinadai nchi. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, na baadhi ya wazee wa chuo hicho wanasema hapo ndipo mlima ulipoanza kuwatenga wanafunzi na watu. Mwaka 2009 palepale Mlimani, kiti cha uprofesa kiitwacho Kigoda cha Mwalimu, chini ya Profesa Issa Shivji, kilianzisha tamasha la kitaaluma la Mwalimu Nyerere, na mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria alikuja kuhutubia. Mwaka uliofuata akaja mwanauchumi Samir Amin wa Misri. Siku kadhaa za hoja, mashairi na ubishi. Kwa hiyo kufanya tunaweza. Tofauti ni kwamba Dar es Salaam wako karibu na vipaza sauti, sisi tuko karibu na miwa.

Na sisi wenyewe, jamani, tusijifiche nyuma ya chuo. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Niambieni ukweli: wa mwisho ulihudhuria lini? Mapato na matumizi yaliposomwa, ulikuwepo au ulikuwa kwenye mpira? Mtu asiyeuliza kijijini kwake chini ya mwembe hataanza kuuliza kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Tuanze kuzoea kuuliza hapahapa.

Basi nina maombi, kisha niwaachie muziki.

Kwa wakuu wa Mzumbe, kama mnanisikia au kama mtu atawapelekea mazungumzo haya: mnapopanga uzinduzi wa majengo yenu, barua za mwaliko zisiishie mikoani na wizarani. Leteni hadi ofisi za kata, katika tarafa za Turiani, Mlali, Mgeta na Mvomero. Wekeni siku ya sukari, siku ya ardhi, siku ya maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu haipo mbali, ofisi zake ziko Morogoro mjini. Zungumzeni Kiswahili. Wanafunzi wenu wa uzamili waliotafiti huku wasimame wasome matokeo yao mbele ya watu waliowahoji, kurasa mbili tu zinatosha. Basi la chuo lije hata mara moja, nauli ya kwenda na kurudi siyo ndogo kwa mtu wa Maskati.

Na kwenu wasikilizaji wangu: andikeni maswali. Siyo matusi wala ya kumkomoa mtu, maswali yenye mahali, tarehe na kiasi. Mpeni mtendaji wa kijiji, au yaleteni hapa kituoni, tutayasoma hewani kila juma na nakala tutaipeleka Mzumbe kwa mkono. La kwanza nimeshaliandika mimi, ni lile la muwa unaosubiri gari. La pili naomba litoke kwako.